Toivo Rantala na Mashine Zisizo na Ubovu

Marehemu Toivo Kalervo Rantala alizaliwa tarehe 9 Februari 1949 katika shamba la wazazi wetu, Eino na Hilja Rantala, nje kidogo ya mji huu wa Loon Portage, kaskazini mwa Ontario. Alikuwa mtoto wa kwanza. Wa pili na wa mwisho ni mimi, Aune, ninayewasomea wasifu huu. Mama alikuwa akisema Toivo alichelewa wiki mbili nzima kuzaliwa, na tangu hapo hakuna alichokiwahi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaiacha sekondari mwaka 1966 na kwenda Thunder Bay kujifunza ufundi wa injini. Cheti chake alikitundika chooni, akidai huko ndiko watu hutulia na kusoma. Kuanzia mwaka 1969 alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha karatasi, na jioni akitengeneza mashine za boti na pikipiki za theluji katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2005, gereji ikawa ndiyo kazi yake.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na Darlene Hryciuk, wakajaliwa watoto wawili, Liisa na Marko. Mchungaji aliniomba niishie hapo. Aliniambia, “Aune, mazishini hatusemi hayo.” Nikamjibu, “Basi tuyasemee wapi, mchungaji? Ofisini nako hawayataki mpaka mtu aumizwe.” Nimemwomba Darlene ruhusa, naye amenipa, kwa hiyo nitaendelea.

Toivo alimtisha mkewe kwa miaka mingi. Alimfokea, alimfuatilia hadi dukani, alirusha vyombo. Nimechoka kusikia kwamba alikuwa na hasira tu. Msimamizi wake kiwandani alimtukana kila siku ya Mungu, na yule mzee alistaafu na mifupa yake yote mizima. Wala hakuwa mlevi. Alikuwa anachagua pa kuzimalizia hasira zake.

Mwaka 1988, mwezi wa kumi, baada ya kurusha birika la maji moto likampita Liisa karibu na sikio, kaka yangu alijiogopa. Aliendesha gari kwa saa tatu hadi jijini, kwenye ofisi iliyokuwa na kikundi cha kuwafundisha wanaume kama yeye kuacha ukatili. Dada wa mapokezi alimuuliza, “Umeshtakiwa?” Akasema, “Bado.” Dada akamwambia, “Pole, baba. Nafasi zetu ni za wanaoletwa na mahakama.” Akaenda kwa daktari, akapewa dawa ya usingizi. Akaenda kwa mchungaji wa wakati ule, naye akamwita Darlene amfundishe uvumilivu. Uvumilivu! Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, Toivo alimvunja Darlene mkono. Hapo nafasi ikapatikana upesi sana. Mkono ule haunyooki hadi leo, na mimi bado sijui nimkasirikie nani zaidi, wao au yeye, kwa sababu hata mtu aliyefungiwa mlango anaweza kuondoka nyumbani akalale kwa dada yake. Kitanda nilikuwa nacho.

Alifungwa miezi minne, kisha akahudhuria kile kikundi hadi mwisho. Darlene alikuwa ameshaondoka na watoto, na Toivo hakuwafuata. Hilo lilikuwa la kwanza alilojifunza.

Mwaka 1997 alimshawishi mshauri aliyesomea kazi hiyo, Bi. Yvonne Bouchard, aje Loon Portage kila Jumanne jioni kuongoza kikundi kama kile. Walianzia chumba cha kanisa, hakuja mtu. Nani angekuja? Hapa kila mmoja anaijua pikapu ya mwenzake. Ndipo Toivo akasema waje gereji, kila mtu na mashine yake, anayepita adhani ni matengenezo tu. Wakaanza kumiminika na mashine zinazonguruma vizuri kabisa, wanazifungua, wanazisugua, huku wanazungumza. Aliyeanza kumlalamikia mkewe alikatizwa na Toivo: “Usituambie alichofanya yeye. Tuambie ulichofanya wewe.” Bi. Bouchard naye aliwapigia wake zao kuwauliza kama kweli kuna usalama, maana mwanamume anaweza kusema maneno matamu gerejini na nyumbani bado ni moto. Wengine walibadilika. Wengine walidanganya, wakagundulika. Siku moja Gordie Maki alileta mashine mbovu kweli, Toivo akamrudisha mlangoni: “Hiyo lete kesho, bwana. Leo ni siku ya mashine nzima.”

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Maumivu hayakumsumbua kama ile Jumanne. Watakwenda wapi? Gereji ingekuwa ya watoto, na Marko, ambaye hakuwahi kuikanyaga, alikuwa ameshasema ataiuza. Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023. Jioni nilikwenda kufunga gereji, nikakuta wanaume wanne na Bi. Bouchard wamesimama mvuani na mashine zao. Gordie akasema, “Tumesikia, Aune. Ila tulishatoka nyumbani.” Nikawafungulia.

Mmoja wao nilimsikia akianza, “Mke wangu juzi…” Wote wakamsubiri Toivo amkatize. Akajikatiza mwenyewe.

Marehemu ameacha dada, mimi. Watoto wawili, Liisa na Marko. Na wajukuu watatu. Darlene yuko hapa, kiti cha nyuma. Aliniambia, “Usiniandike mjane. Andika kwamba mimi ni yule aliyeondoka akiwa hai. Na andika kwamba aliacha ukatili, kwa sababu kweli aliacha.” Nimeandika.

Jana nilimpelekea Marko ufunguo wa gereji, akanirudishia. Alisema tu, “Isifungwe Jumanne, shangazi.” Basi haitafungwa. Wewe uliyeketi hapa ukitazama viatu vyako, usingoje kushtakiwa. Lete mashine.

Toivo, kaka yangu, pumzika sasa katika amani uliyochelewa kuifikisha nyumbani kwako.