Mama Hodi na Bibi Aliyeifuata Damu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mbili ya kubisha milango ya watu, mwenzetu Mama Hodi anastaafu kazi yake ya kujitolea: kuwahamasisha wanawake wajiunge na tafiti za afya. Jina lake la kuzaliwa lipo ofisini, ila hakuna anayelitumia, hata mumewe.

Alianza na utafiti wa shinikizo la damu kwa wajawazito. Mtaani ilishavuma kwamba damu inayochukuliwa kliniki inauzwa. Mvumishaji mkuu alikuwa bibi mmoja mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, ambaye mkaza mwana wake alikuwa na mimba ya miezi saba na alitaka sana kujiunga.

Mama Hodi alifukuzwa getini. Akarudi, akapewa kigoda bila hata maji ya kunywa. Safari nyingine akakuta maharage yanachambuliwa. Akavuta ungo, akachambua, utafiti hakuutaja kabisa. Bibi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Haya, sema. Damu zetu mnazipeleka wapi?"

"Twende uifuate mwenyewe, mama."

Akaifuata kweli. Alitembea nyuma ya muuguzi aliyebeba kichupa cha damu ya mkaza mwana, akaweka kiti mlangoni pa maabara, na kila mtaalamu aliyetoka kwenda msalani alikaguliwa mifuko. Alikuwa bado pale daktari alipokuja kumwambia kwamba presha ya mkaza mwana imepanda vibaya, alazwe leo hii. Bibi alikiacha kiti mlangoni, akamfuata daktari wodini. Wiki chache baadaye alizaliwa mtoto wa kike, mdogo, mzima, mwenye sauti ya bibi yake.

Tangu hapo Bibi alizunguka na Mama Hodi nyumba kwa nyumba, naye akadai kusajiliwa. Alipoelezwa kwamba utafiti ni wa wajawazito, alituuliza, "Kwani mimi mmenipima?"

Kazi ikawa kumzuia huyo msaidizi asiwaburute watu. Kwa Mama Hodi, mwanamke alielewa kwanza, akauliza mpaka akaridhika, kisha akaamua. Aliyesema hapana hakununiwa.

Mama Hodi, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wageni wanaojua saa ya kuondoka. Wanawake waliokukatalia wameomba nao waje kukuaga. Viti vyao tumeviweka mbele.