Mpima Mvua Hakualikwa

Ndani ya treni ya asubuhi, mama aliyepima mvua miaka ishirini alijikuta ameketi na mwenzake wa ofisini, aliyerudi juzi kutoka kwenye mkutano wa nchi zinazogawana picha za satelaiti.

"Hongera, mdogo wangu," mama alisema bila kumtazama. "Eti ukame mnauona kutoka angani?"

"Tunauona, dada. Ila walikiri kwamba bila vipimo vyako, picha zinawadanganya wakulima."

"Walivitaja vipimo vyangu?"

"Mara mbili."

Alifurahi kidogo, kisha wivu ukamrudia. "Basi mbona hawakuniita mimi?"

Abiria mmoja wa kiti cha mbele, aliyejifanya amelala, akafumbua jicho. Treni ikasimama. Mama akashuka bila kumuaga mwenzake, ingawa wote wawili walikuwa wanakwenda ofisi ileile.