Mwantum na Mahali Pasipopakwa Rangi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika Studio Ziwani, hapa Bujumbura, Bi Mwantum, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Lubna, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2005. Aliajiriwa mwaka 1973 kukausha picha na kukata kingo zake. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha kurekebisha picha, na sidhani kama yuko mtu mwingine mjini humu aliyezitazama nyuso za wakazi wake kwa karibu kiasi hicho.

Kazi alifundishwa na marehemu Musafiri, fundi wetu wa kwanza. Siku hizo filamu ilirekebishwa kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano, na kabla ya kupaka rangi fundi alikata kwanza kashe, yaani karatasi laini ya kufunika kila mahali ambapo rangi haikutakiwa kufika. Mwantum alikata kashe za nywele, za shela, hata za ndevu. Chumbani mlikuwa na sheria kwamba hakuna kupiga chafya mpaka wembe wake uwekwe chini. Musafiri mwenyewe, mkubwa wake, alikuwa akitoka nje kupiga chafya uani.

Mwaka 1997, wakati wa vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani, petroli na karatasi za picha zikiwa adimu, mwenye studio, Bwana Pierre, alipata kompyuta iliyokwisha kutumika kutoka shirika moja lililokuwa likifunga ofisi. Ndani yake mlikuwa na programu ya kurekebisha picha. Wengine tuliizunguka kama mgeni ambaye hajasema atakaa siku ngapi. Mwantum alivaa miwani akaketi.

Kwa wasioijua kazi hii: katika programu ile picha hujengwa kwa matabaka, kama vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Tabaka moja lina mtu, lililo chini lina ukuta au anga. Pale ambapo tabaka la juu halina kitu, jicho hupita mpaka chini. Palikuwa na kisanduku kidogo cha kutia alama, kidogo kama punje ya mtama. Ukikitia alama, sehemu tupu za tabaka zinalindwa: brashi hupaka kilichopo tu, na pasipo kitu rangi haishiki. Hata ukingo wa nywele, ambao nusu upo na nusu haupo, hubaki na wepesi wake. Mwantum alipokigundua alicheka peke yake. Ilikuwa kashe ya Musafiri, bila wembe.

Mwenzetu Hugues alijifunza jambo hilo kwa njia ngumu. Alitaka kulitia shela la bibi harusi rangi ya waridi kwa amri moja tu, na kisanduku hakukitia alama. Rangi ikajaza tabaka zima, harusi yote ikazama. Programu ya wakati ule ilikuruhusu kurudi nyuma hatua moja tu, na Hugues, kwa hofu, alikuwa amekwisha kubonyeza kitu kingine. Mwantum alisogea, akaangalia kile kioo cha kompyuta kilichojaa waridi tupu, akasema kwa upole: “Weye Hugues, umepaka mpaka na padri.” Hugues amekuwa fundi mzuri tangu hapo.

Lakini kazi ambayo nataka ibaki katika kumbukumbu za studio hii ni ya mwaka 1999.

Alikuja mama mmoja wa mtaa wa Kinama, jina lake Adélaïde, mjane wa dereva aitwaye Sylvère. Nyumba yao ilikuwa imeungua wakati wa mapigano, na picha moja tu ya marehemu ilikuwa imebaki: amesimama ufukweni Kajaga, anacheka. Moto ulikuwa umekula upande mmoja, sikio, kipande cha taya na bega. Familia ilikuwa imepanga Jumamosi ya kuganduka, siku ya kuvua msiba, na ilitakiwa picha ya kuweka mezani. Kwao mama mzazi wa marehemu, bibi Jovithe, ndiye wa kuipokea picha kabla ya watu. Asipoipokea, msiba hauvuliwi.

Adélaïde aliomba mume wake arudishwe mzima. Ni desturi inayojulikana mjini: studio nyingi, hata yetu wakati ule, huwa na picha za koti na tai za kuazima, wapo waliovaa suti baada ya kufa ambao hawakuivaa hata siku moja walipokuwa hai. Bwana Pierre aliona ni kazi ya saa moja, sikio litoke kwenye picha ya mtu mwingine. Mwantum alikataa. Alisema atasafisha moshi na kurudisha rangi ya ngozi, lakini palipoungua hatapachora. Adélaïde alikasirika. “Muko na mashine ya kufanya kila kitu,” alisema, “munashindwa sikio?” Akachukua picha yake akaenda studio nyingine.

Kule walimpa mtu mzima, masikio mawili, suti na tai. Alimpelekea mama mkwe. Bibi Jovithe aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu: “Huyu mugeni ni nani?”

Siku ya kuganduka ilikuwa imekaribia sana Adélaïde aliporudi kwetu, na safari hii hakuwa na ukali. Mwantum hakumkumbusha neno. Alimwekea kiti kando yake, akaiingiza picha kwenye kompyuta, akamkata Sylvère kutoka ufukweni na kumweka katika tabaka lake mwenyewe, akafunga sehemu tupu kwa kukitia alama kile kisanduku, akaanza kupaka. Tulisimama nyuma yao. Ngozi iliyokuwa ya kijivu ikarudi kuwa ya mtu. Kisha brashi ikavuka taya, ikaingia palipoungua, na haikuacha rangi yoyote.

“Dada, mbona rangi haishiki pale?” aliuliza Adélaïde.

“Nimepafunga. Pale hakukubaki kitu chake. Nikipaka, nitakuwa napaka mutu mwingine.”

Adélaïde aliomba brashi ipitishwe tena. Ikapitishwa, pakabaki patupu. Akaomba mara nyingine. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, na sijawahi kuona heshima kwa mtu asiyekuwepo ikionyeshwa waziwazi namna ile, rangi ikipita na kukataa kulala mahali ambapo yeye hayupo. Mwishowe mjane mwenyewe alichagua buluu nyepesi ya kuweka katika tabaka la chini, nayo ikaonekana pale palipokuwa na bega.

Baadhi yetu tulikwenda Kinama siku ya kuganduka. Bibi Jovithe alipewa picha mbele ya watu wote. Alipitisha kidole shavuni, akashuka mpaka pale taya inapokatika, akakiacha kidole hapo. “Ni yeye,” alisema. “Hapa ndipo moto ulipopita.” Kisha akaiweka mezani kwa mkono wake mwenyewe, na msiba ukavuliwa.

Tangu mwaka ule studio yetu haiazimi nyuso. Bwana Pierre hakuandika amri yoyote. Aliziondoa tu zile suti.

Wako wengi kati yetu tulioingia mji huu bila picha hata moja ya nyumbani. Mama Lubna hawezi kuturudishia nyuso hizo, wala hajawahi kutudanganya kuwa anaweza. Ndiyo maana zile alizowarudishia watu, watu wanaziamini.

Asante, Mama Lubna, kwa macho yako na mkono wako. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wa kukusumbua kule Buyenzi, na siku zilizo mbele yako ziwe njema.