Mzee Kimaiyo Anastaafu na Ulimi Wake

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2008, Mzee Micah Kimaiyo anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka kumi na minane. Alipoajiriwa tulikuwa studio ndogo ya kupiga video za harusi hapa Nakuru, naye alikuwa dereva. Tulipopata leseni ya runinga, mchambuzi wa soka tuliyemwalika alikwama Gilgil siku ya kipindi cha kwanza. Mzee alikuwa ameingia studio kuleta nyaya tu. Akaombwa akae kidogo ili kamera isionyeshe nafasi tupu. Hakuinuka tena.

Alikuwa na kipaji adimu: hakuwahi kutabiri matokeo yakatimia. Wenzetu wa idara ya matangazo walimsikiliza kwa makini, wakabashiri kwa pesa kinyume chake, na mwisho wa mwezi wakaenda kula nyama Kikopey. Lakini mechi ikishaisha, hakuna aliyeieleza kumshinda. Aliona kosa mahali lilipoanzia, akamtaja mwenye kosa, na baba yake ikibidi.

Hakubagua mtu. Bwana Tarun, muuza magodoro aliyekuwa mdhamini wa kipindi, alisikia hewani kwamba beki wetu “amelala kama godoro la mdhamini, ukilikanyaga haliinuki.” Akaondoa tangazo lake. Alilirudisha alipoona watu wanajazana dukani kuyakanyaga magodoro, na wengine kuyanunua.

Aprili mwaka huu haikuwa ya mzaha. Machafuko ya baada ya uchaguzi yalikuwa yametulia, lakini wengi walikuwa bado kwenye mahema, na jirani alimsalimu jirani kwa tahadhari. Timu yetu ya mjini ilicheza mechi yake ya kwanza tangu Desemba, ikafungwa mabao manne na wageni kutoka Magharibi. Kipa wetu alikuwa Wasike, naye pia kwao ni Magharibi. Jioni hiyo uvumi ukaenea kwamba amewaachia watu wake. Vijana wakaenda kusimama kwenye lango la ploti anayopanga, mawe mkononi.

Mtayarishaji wetu, Bi Manju, alimsihi Mzee apoze maneno.

“Sema tu mpira ni mchezo, watu waende walale,” alimwambia.

Kipindi kilipoanza, Mzee akaonyesha mabao yote manne. Kisha akaonyesha mengine ya miaka ya nyuma, Wasike akifungwa vilevile na timu za kila pembe ya nchi, ikiwemo ya wanafunzi wa uuguzi.

“Huyu hajauza mechi,” alisema. “Kuachia bao makusudi kunataka ujue mpira unaenda wapi. Wasike hajui. Nimewaambia hivyo miaka mingi, mkaniita mzee mwenye wivu.”

Mkabala na lango lile kuna kibanda cha chai chenye runinga. Mmoja wa vijana wale akacheka, kisha wenzake. Walimwamini kwa sababu hakuwa amewahi kumtetea mtu yeyote. Mawe yakaachwa barabarani. Wasike anasimulia kwamba alisikia kicheko hicho akiwa chini ya kitanda pamoja na mkewe, na kwamba hajawahi kufurahia matusi kiasi kile. Kesho yake alikuja ofisini kushukuru.

“Wacha hiyo,” Mzee alimjibu. “Mpira wa kona unauogopea nini?”

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Kibii, mshambuliaji chipukizi kutoka Rongai, alikosa penalti moja, na Mzee akamwambia hewani arudi nyumbani akachunge ng'ombe. Akarudi. Tulipomwomba Mzee amtake radhi, alijibu kwamba penalti ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kweli. Lakini Kibii hajagusa mpira tena, na hatujapata mwingine kama yeye.

Mrithi wa Mzee ni kijana mstaarabu mwenye tai, ambaye kwenye vipindi vyake vya majaribio alisema pande zote mbili zilijitahidi. Simu za malalamiko zimekoma. Bi Manju anasema simu zote zimekoma.

Mzee Kimaiyo, asante kwa ukweli tuliokuomba, na kwa ule ambao hakuna aliyeuomba. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na majirani wavumilivu.