Mjukuu Wangu Hakuwa na Pepo

Bwana asifiwe! Asifiwe yeye, maana leo mimi sina la kujisifu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye ambaye kina mama wa kanisa letu hapa Umoja, Nairobi, wanamwita Mwenyekiti. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa maombi nilikuwa nikisema hakuna wa kunifikia hata magotini. Novemba nilisimama mbele yenu nikashuhudia kwamba kule Mlima Kenya nilimkemea pepo, akamtoka mjukuu wangu Nafula. Mkapiga makofi. Mkapiga vigelegele. Wengine mlilia.

Ushuhuda ule ulikuwa uongo. Leo nimeshika kalamu niufute.

Nafula ni mtoto wa binti yangu aliyelala katika Bwana. Aliniachia Nafula akiwa na miaka sita. Sasa ana ishirini na miwili, anashona sare kwenye kiwanda huko Industrial Area. Ni msichana mtiifu mno, na utii wake ndio uliokaribia kumuua. Sikilizeni.

Tulikuwa kina mama sita tulioazimia kupanda mlima tuombee vijana wetu wapate kazi. Mimi nilichagua Novemba, kwa sababu Desemba kila mtu yuko ushago, kijijini kwao, na Januari watu wanahangaika na shule. Nikampigia simu mwongozaji, mwanamke mmoja wa kule chini ya mlima anaitwa Wangeci. Akaniambia, "Mama, Novemba ni mvua. Ikinyesha huku chini, kule juu ni theluji. Njia inafunikwa kabisa. Ngojeni Januari ikiisha, au Februari, njia ikauke."

Nikamjibu kwa sauti, kina mama wote wanasikia: "Mungu wetu hana msimu!"

Akasema, "Mungu hana, mama. Mlima unao."

Nikacheka! Ndugu zangu, nilimcheka mtu aliyekuwa akiniokoa.

Tukaenda. Nafula akaomba ruhusa kazini aje anibebee mzigo. Siku ya kwanza ilikuwa msitu na matope, matope ya kuvua kiatu mguuni. Mvua ilitunyeshea mpaka kwenye vibanda vya kulala. Asubuhi ya pili nikatangaza funga, tukaiwekea nadhiri: si chakula, si maji, mpaka tukanyage kileleni. Sikumwambia Wangeci. Nikawaambia wenzangu, huyu ni mtu wa mwili, haya ya rohoni hayaelewi.

Sasa Wangeci alikuwa na desturi yake. Kila tukipumzika anapita kwa kila mtu, anamtazama usoni, anauliza maswali matatu. Kichwa kikoje? Umekula nini? Umekojoa? Mimi, bibi mzima, naulizwa habari za mkojo mbele za watu! Nikamwambia, "We mama, sisi tumekuja kuomba, hatukuja hospitali." Akatabasamu, akaniita bibi kwa lugha ya kwao: "Haya shosho, lakini nijibu."

Nikamjibu. Nikadanganya. Nikasema wote tumekula, wote wazima.

Alasiri tulikuwa juu sana, mahali miti imeisha, imebaki mimea ya ajabu imesimama kama nguzo za stima. Nafula, ambaye huniita Kukhu, yaani bibi, akanivuta kando. "Kukhu, kichwa inagonga vibaya. Na nimetapika nyuma ya ile jiwe." Nikamuuliza, "Umetapika nini na hujala?" Akasema, "Maji ya njano tu. Kukhu, wacha nimwambie Wangeci."

Ndugu zangu, mimi nilimfinya mkono. Nikamwambia hiyo ni vita, adui anajua tumekaribia, ukimwambia yule atatushusha na nadhiri itavunjika. Akaniambia, "Sawa, Kukhu." Jioni Wangeci alipofika kwake na maswali yake, mimi nikajibu kwa niaba yake. "Huyu mzima."

Usiku ule theluji ikaanguka. Sikuisikia. Mvua ya Umoja ikigonga mabati unaisikia, lakini theluji inakuja kimya kama mwizi. Asubuhi nikafungua mlango wa kibanda, Yesu wangu! Nilidhani nimekufa. Mawe hayapo. Njia haipo. Mlima wote mweupe, kama mtu amepasua magunia ya unga juu ya dunia nzima. Macho yaliniuma kwa ule weupe.

Wangeci alikuwa ameshatoka kwenda kupima njia. Alituachia agizo kwamba akirudi tu tunaondoka. Theluji ya asubuhi ni ngumu, inabeba mguu, lakini jua likipanda inalegea kama uji na wingu linashuka, humwoni hata mtu aliye mbele yako.

Nikamgeukia Nafula nimwamshe. Alikuwa ameketi. Alikuwa anavaa soksi ya mkono kwenye mguu, anaivuta, anacheka peke yake. Nikamwita. Akanitazama, akasema, "Mama, umekuja?"

Mama! Mama yake ana miaka kumi na sita kaburini.

Nikasema pepo la marehemu limemwingia mtoto. Nikapaza sauti, kina mama wakaamka, tukamzunguka, nikaweka mikono juu ya kichwa chake, kile kile kilichokuwa kinapasuka, nikakisukuma nikikemea. Toka! Toka! Akaanguka, tukashangilia. Akanyamaza, tukasema limetulia. Wangeci akarudi, akagonga mlango, nikawaambia wenzangu wauegemee. Tulimfungia nje! Jua likapanda, na sisi tunakemea.

Mwisho alisukuma mlango kwa bega akaingia. Hakugombana na mtu. Alipiga magoti, akamfunua Nafula jicho, akamsimamisha, akamtoa nje. Akamwambia atembee juu ya theluji kwa mstari, kisigino kwa kidole. Hatua moja. Ya pili akaanguka upande kama mlevi wa chang'aa.

"Shosho," akasema, "huyu hana pepo. Ni ugonjwa wa huku juu, mlima umempanda kichwani. Anashuka sasa hivi."

Nikasema, "Na nadhiri yetu? Kilele ni kile pale!"

"Kilele kitakuwa hapo hata kesho. Huyu sijui." Akanishika mabega, mimi mkubwa wake. "Niambie ukweli. Amekula lini?"

Nilitaka kudanganya tena. Mungu ni shahidi, uongo ulikuwa mdomoni umekaa tayari. Nikamwona Nafula amelala kwenye ule weupe, midomo ya rangi ya zambarau, bado anamtafuta mama yake kwa macho. Nikasema, "Juzi usiku. Na maji nilimkataza."

Hapo ndipo nilipookolewa, ndugu zangu. Si kileleni. Hapo, nimesimama na aibu yangu.

Wangeci hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alimmwagia Nafula chai kidogo kidogo mdomoni, akafungua leso yangu kiunoni, akanifunga nayo pamoja na mjukuu wangu, tumbo kwa mgongo. Akasema, "Shika. Ukianguka, kaa chini, usimwachie." Yeye akatangulia na fimbo.

Lakini saa za theluji ngumu nilikuwa nimezimaliza kwa kelele zangu. Tulizama mpaka magotini. Wingu likashuka kama alivyosema. Yale mawe wanayoyapanga kuonyesha njia yote yalikuwa yamefunikwa, Wangeci anachoma fimbo, anasimama, anachoma tena, anasema hapa, hapana, hapa. Upande mmoja lilikuwa bonde. Sijui lina kina gani, niliona tu theluji inateleza na kuingia, na sikusikia ikifika.

Mimi, mwombaji wa Umoja, sikuwa na ombi hata moja. Nilisema tu, "Bwana, mchukue mzee umwache mtoto." Nyuma yangu wenzangu wanalia. Mbele yangu Nafula ananilalia, mzito, hasemi kitu.

Tukashuka. Theluji ikawa mvua. Mvua ikawa matope, yale matope niliyoyalaani siku ya kwanza, nikapiga magoti nikayabusu! Na mahali fulani pale, karibu na miti ya kwanza, nikasikia sauti ndogo.

"Kukhu, naskia njaa."

Ndugu zangu, nimesikia kwaya nyingi maishani. Sijasikia kitu kitamu kama hicho. Wangeci akatoa chapati ya jana, ngumu kama ngozi, Nafula akaila yote. Na kina mama wenzangu wakaanza kutoa biskuti kwenye nguo zao! Kumbe walikuwa wanakula na kunywa nyuma ya mawe tangu mwanzo. Aliyenitii alikuwa mmoja tu.

Mngesema nimejifunza. Nilirudi Umoja, mkaniuliza kilele kilikuwaje, kiburi kikaamka kabla yangu. Nikashuhudia pepo. Nafula alikuwa ameketi nyuma. Tangu siku hiyo hakuja kanisani tena, na mnajua wenyewe mlivyomtazama kwenye ngazi na dukani. Kuna mama alimwondoa mtoto wake karibu naye.

Asubuhi moja mwezi wa pili nilikuwa juu ya nyumba naanika nguo. Anga ilikuwa safi, mlima unaonekana mpaka huku, mdogo, na weupe kidogo pembeni. Nafula akaja akasimama karibu nami, akautazama pia. Hakukasirika. Akasema tu, "Kukhu, mimi sikuwa na pepo. Nilikuwa na kiu."

Nimeandika haya kwa sababu ya maneno hayo. Namshukuru Mungu aliyenipa mtoto mara ya pili, na namshukuru kwa Wangeci, ambaye sikumpa hata asante siku ile. Nafula nimemwomba msamaha kwa magoti. Sasa nawaomba ninyi mumwombe.

Na wewe unayesoma una shida, mtumaini Mungu, usiogope. Anaokoa kwa kupandisha, anaokoa na kwa kushusha. Jumapili njoo mbele tuombe. Lakini sitakuwekea mikono kwanza. Nitakuuliza kichwa kikoje, umekula nini, umekunywa maji. Hata lile swali la tatu la Wangeci nitakuuliza, ukasirike ukipenda.

Nafula amesema atakuja. Ataketi karibu na mlango, na chupa yake ya maji mkononi.

Ndugu zangu, mwacheni anywe.