Chuma Kilichomo Kwenye Damu ya Mke Wangu

Ndugu zangu wauguzaji mliokaa kwenye madawati haya, asalaam aleikum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Niliwahi kuamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba kule Dar kuna mashine ya sumaku, ukilazwa ndani inakuzungusha damu kama pia ya kuchezea na kukunyonya chuma chote mwilini, unatoka mweupe kama tui la kwanza. Walisema kuna mtu wa kisiwa cha Juani aliingizwa moyo ukiwa kushoto, akatolewa ukiwa kulia. Mimi nikaongeza kwamba na meno yalimhama. Hilo la meno nililitunga mwenyewe, lakini baada ya wiki nikaliamini nalo.

Msinicheke sana, mimi ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na mvi, nikapata D ya fizikia, na D hiyo niliivaa kichwani kama kofia ya harusi. Pale kijijini Baleni, kwenye banda langu la baiskeli, hapakuwa na swali lililonishinda. Mtu akileta pancha, anaondoka na somo la mvutano wa dunia, atake asitake.

Basi mke wangu akaanza kufa ganzi vidole vya miguu. Ikapanda nyayoni, ikapanda vifundoni. Daktari wa hapa kisiwani akampima, akamwandikia barua: nendeni Dar, akapigwe picha ya uti wa mgongo kwa MRI. Nikauliza, MRI ndiyo ipi? Akasema, ile mashine ya sumaku.

Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia baridi mpaka kwenye kucha. Mke wangu alizaa watoto watano, na kila mimba alimeza vidonge vya kuongeza damu. Vidonge vile ni chuma, hata mkunga alituambia. Nikapiga fizikia yangu: mwanamke huyu kwa ndani ni bati tupu! Sumaku itamwacha?

Nikaenda kulihubiri bandani. Nikachukua unga wa chuma uliobaki kwenye tupa, nikaumwaga juu ya karatasi, nikapitisha chini yake sumaku ya spika mbovu. Unga ukasimama, ukacheza. Nikapaza sauti, nadhani ilifika kisiwa cha Shungimbili: "Hiyo ndiyo damu yenu!" Watu wakashika vifua. Shemeji yangu peke yake, kaka wa mke wangu, alikuwa anatafuna muhogo.

"Shemeji," akasema, "kilichosoma ni cheti chako. Wewe ulikisindikiza tu."

"Wewe uliishia la ngapi?"

"La tano. Ndiyo maana nikiugua nakwenda kwa daktari, siji kwa fundi baiskeli."

Watu walicheka. Mimi nilikasirika siku tatu. Na mke wangu, aliyeyasikia yote, aliikunja ile barua akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakubishana nami. Aliniamini, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Angenitukana, leo ningekuwa na kisingizio cha kushika.

Miezi ikapita. Nikimuuliza, ananijibu, "Leo kama jana." Nikajiambia, ugonjwa unaotambaa kama konokono nitaukamata siku nikitaka. Nikawa namkanda kwa mafuta ya nazi na kumpa mawaidha ya kisayansi.

Asubuhi moja alikaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Akamaliza ya kwanza, akamaliza ya pili. Akaniita, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba watoto, njoo uninyanyue. Miguu haipo."

Nikadhani anatania. Nikamshika kwapani, nikanyanyua, miguu ikaburuzika kama ya mwanasesere. Jana yake alikuwa ametembea mwenyewe kutoka shambani.

 Shemeji alileta kitanda cha kamba, vijana wakambeba hadi kwenye gari, tukavuka bahari. Dar, picha ilipotoka, daktari wa upasuaji akatuonyesha uvimbe, si mkubwa, umekaa juu ya uti wa mgongo. Nikamuuliza vipi kitu cha polepole hivyo kimeangusha mtu kwa siku moja.

"Uti wa mgongo huvumilia," akasema. "Ukibanwa kidogo unavumilia, ukibanwa tena unavumilia. Lakini una mpaka wake. Ukivuka hapo, siku moja inafanya kazi ya mwaka mzima."

Mke wangu, kalala chali, akadakia: "Kama tui, daktari. Linachemka vizuri, unakoroga, halafu linakatika ghafla. Hata ukiondoa moto, halirudi."

Daktari akasema ndivyo hasa.

Walimpasua, na uvimbe, alhamdulillahi, haukuwa wa saratani. Mguu wa kushoto umerudi. Wa kulia haukurudi wote. Anatembea kwa gongo, na shambani hafiki. Gongo lile, kila likigonga sakafu, naomba radhi. Yeye alishanisamehe. Mimi bado.

Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki cha wanaouguza. Mmoja wenu alinifundisha kumgeuza asipate vidonda, mwingine alikuja kila siku kumnyoosha miguu, mkatupikia mwezi mzima. Namshukuru shemeji, ambaye hajawahi kuniambia "nilikwambia," ingawa namwona anavyoimeza. Nami ninachowaachia ni hiki: ukiandikiwa barua ya daktari, usiipime kwa fizikia ya kijiweni. Na usidhani ukichelewa kidogo utaumia kidogo.

Mtaalamu wa ile mashine nimemweka mwisho kwa makusudi. Binti mdogo. Alituuliza mlangoni: ana pete, hereni, chuma mfupani, kifaa cha moyo? Nikamwambia, "Mwanangu, chuma anacho. Kimejaa damu nzima." Hakunicheka.

"Baba," akasema, "chuma cha kwenye damu hakivutwi kama msumari. Sumaku hii inapanga viini vidogo mno vya maji ya mwili, na viini hivyo vina mzunguko wao tangu azaliwe. Tunavisukuma kidogo kwa mawimbi ya redio, vikirudi tunavisikiliza, tunapata picha. Damu yake atatoka nayo yote. Mngekuja barua ilipoandikwa, angeingia humu kwa miguu yake."