Orodha ya Majiko

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyelinda watu dhidi ya moto kwa miaka ishirini na sita, kisha moto ukamfuata nyumbani bila yeyote kumwambia. Ofisini walimwita Shangazi. Nyumbani pia alikuwa shangazi, wa watoto sita wa kaka yake. Nasi tumwite hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa hii. Setilaiti hupita juu yetu saa saba na nusu mchana, na kila penye joto kali ardhini huweka nukta nyekundu kwenye ramani. Shangazi alizisoma nukta hizo. Huu ni moto wa pori, hili ni bati lililopigwa na jua. Kwa ukali wa joto alikadiria majani yaliyoungua, na kwa majani akapata tani za moshi. Akiridhika alibonyeza, na simu za wakazi na za zimamoto zikalia. Chumba chake kilikuwa na meza tatu, feni inayokwaruza, na kiti chenye mto alioushona mwenyewe. Ole wako ukalie mto ule.

Alikuwa mkali. Tusidanganyane, mtu hawi malaika kwa sababu amekufa. Alimrudisha nyumbani mfanyakazi mwenzake kwa kuchelewa dakika nne, akamwambia, "Majani makavu hayakusubiri."

Sasa tegeni sikio. Kaka yake mkubwa alikuwa mchoma matofali. Kila tanuri lilipowashwa, setilaiti iliona, simu zikalia, gari la zimamoto likaja mbio. Mara tisa lilikuja. Mara tisa lilimkuta mzee anakunywa chai. Mara ya tisa mkuu wa zimamoto akampigia Shangazi: "Mama, sisi tunazima moto, hatutembelei wakwe."

Shangazi akatunga orodha. Aliiita orodha ya majiko: viwanda, matanuri, kila penye moto wa kazi. Nukta ikiingia humo, mtambo unanyamaza. Haionekani kwenye ramani, simu hazilii, na moshi wake hauhesabiwi kuwa wa moto wa pori. La kwanza kuingia lilikuwa tanuri la kaka yake, pamoja na kilomita moja kila upande.

Kutoka kwenye orodha ndiyo ilikuwa kazi. Lazima afisa afike mwenyewe, aguse tanuri kwa mkono, aandike kwamba limepoa. Tena ndugu wa mwenye tanuri haruhusiwi kushuhudia, iwe kuingia au kutoka. Kipengele hicho alikiongeza baada ya shemeji wa mchoma mkaa mmoja kuapa kwamba msitu mzima ni jiko. La kaka yake lilikuwa limeshaingia, sheria ilizaliwa baadaye.

Alipostaafu, alihamia vyumba viwili ambavyo kaka yake alimjengea nyuma ya tanuri. Magoti ya mzee yalikuwa yameshakataa kazi, na tanuri lilikuwa na miaka miwili halijawashwa. Mijusi walikuwa wamehamia ndani. Shangazi akaliandikia shirika lake la zamani: jiko hili limekufa, liondoeni kwenye orodha. Akajibiwa kwamba gari liko gereji.

Mwanamke aliyerithi kiti chake, ambaye Shangazi alimwita Mrithi, alimpigia simu. "Shangazi, si uko hapo hapo? Weka sahihi wewe, mimi nitafumba macho."

"Mimi ni ndugu wa mwenye tanuri. Sheria ni msumeno, mwanangu, hukata mbele na nyuma. Njoo mwenyewe."

Mrithi hakuja. Shangazi aliandika barua nyingine tatu. Miezi saba ikapita.

Alhamisi moja ya kiangazi, jirani alichoma mabaki ya shamba, upepo ukageuka. Saa nane kasoro mchana Shangazi aliona moshi nyuma ya tanuri. Akapiga simu ofisini.

"Moto unakuja kwangu."

"Shangazi, ramani ni safi kabisa."

"Fungua orodha ya majiko."

Mrithi akaifungua, akasema, "Mungu wangu."

"Nukta ipo?"

"Zipo nne."

Mrithi akawapigia zimamoto. Alipokea mkuu yule yule. "Pale kwenye matofali? Nipe namba ya tahadhari." Namba hutolewa na mtambo, na mtambo ulikuwa umenyamazishwa. Wakabishana. Gari liliondoka baada ya dakika arobaini. Narudia, wasikilizaji: dakika arobaini.

Shangazi alimpakia kaka yake kwenye toroli la matofali, akamsukuma hadi shimo la udongo, pasipo na majani. Mzee anasimulia: "Nilimwambia niache, mimi nimekula chumvi nyingi. Akanijibu, 'Nyamaza, unanimalizia pumzi.'" Alimlaza kifudifudi kwenye tope, akamlalia juu. Moto ukapita pembeni. Moshi ukaingia shimoni na kukaa. Mzee alitoka na kikohozi. Shangazi alitolewa kwa machela.

Binti wa kaka alikuwapo wodini kesho yake, Mrithi alipoingia analia. Anasema shangazi yake hakumwonea huruma. Alivua barakoa ya hewa, akauliza, "Tani ngapi?"

Mrithi akataja hesabu.

"Umekosea. Kulikuwa na majani mabichi. Mabichi hutoa moshi zaidi. Nimeyavuta, najua."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki jioni ile, akiwa na miaka sitini na mmoja. Na taarifa ya mwezi ilipotoka, safu ya moshi wa moto wa pori katika eneo lile ilisomeka sifuri.

Siku ya mazishi, gari lilikuwa limetoka gereji. Mrithi alifika. Watu walipomaliza kufukia, alikwenda kwenye tanuri, akaligusa, akatoa fomu mkobani, akaijaza. Kesho yake orodha ikarekebishwa.

Siku tano baadaye, mzee alikusanya magodoro na mbao za paa la vile vyumba viwili, zilizoungua nusu, akazichoma uani. Simu za eneo zima zikalia. Gari la zimamoto lilifika kwa dakika kumi na moja, king'ora juu. Mzee akawafungulia lango. "Karibuni," akawaambia. "Ila moto wenyewe ulikuwa wiki iliyopita."

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa mzee, kwa watoto wote sita, na kwa Mrithi pia, anayeingia zamu kesho asubuhi kama kawaida. Nawe unayesikiliza, kama kuna barua ya mtu mezani kwako inayosubiri gari, hebu jiulize leo huko ilikotoka kuna nani.

Tulimuuliza mzee tuseme nini kuhusu kifo cha dada yake. Alitukataza kusema ajali. Alitukataza kusema bahati mbaya.

"Semeni amekufa kwa utaratibu," alisema. "Tena wa kwake mwenyewe. Mkipunguza neno, atawasahihisha."